Mrejesho: Simenti ya mfupa iliyokuwa inagandia kwenye sirinji

Habari wakuu. Niliuliza hapa kwa nini simenti ya mfupa ya alfa-trikalsiamu fosfeti (unga wa kalsiamu na fosfeti unaochanganywa na maji, kisha uji wake husukumwa kwenye pengo la mfupa na kuwa mgumu) inagandia ndani ya sirinji kabla sijaimaliza, ilhali kemikali ni zilezile na uwiano wa maji na unga sijaugusa. Wengi mlinielekeza kwenye usagaji, na kweli tatizo lilikuwa hapo.

Nilidhani usagaji unapunguza tu ukubwa wa chembe. Kumbe kinu cha mipira (chombo chenye tufe ngumu ndani zinazoponda unga) kikizungushwa muda mrefu huvuruga pia mpangilio wa fuwele. Kwenye grafu ya kipimo cha eksirei cha unga, chini ya vilele vyembamba vya fuwele kulikuwa na kilima kipana: dalili ya sehemu isiyo na fuwele. Hiyo huyeyuka mara moja ikikutana na maji, haidroksiapatiti (madini yanayofanana na ya mfupa) inaanza kujijenga, na uji unakaza ukiwa bado mkononi.

Aliyeshauri kuupasha unga moto wa takriban 500°C baada ya kusaga, nakushukuru sana. Fuwele zimejirudi, chembe zimebaki ndogo, na sasa uji unatulia kwanza ndipo unaganda. Daktari wa upasuaji anahitaji hasa nafasi hiyo ya kuchanganya, kujaza na kusukuma.

Njia nyingine, ya kuacha unga uwe wa chembe kubwa, sikuipenda: nikikandamiza sirinji, maji hutangulia kutoka na unga mkavu hubaki nyuma.

Kinachofuata ni kupima nguvu ya mgandamizo. Unga laini hutaka maji mengi, na maji mengi huacha vitundu vinavyodhoofisha simenti.