Ukoo wa Bi Kije (Wete, Mjini na ng'ambo)

Asya (Ohio): Asalam alaykum. Semista inaanza mwezi wa 8, leo nachagua masomo. Kemia nimeiweka mwakani, mwanzo nataka nianze polepole na Kiingereza, saikolojia na hesabu, si nna miaka 4 bana

Shangazi Mwanakombo (Wete): Walaykum salam. We si unasomea udaktari, saikolojia ya nini tena? Nassor hapa kamaliza zake PCB (fizikia, kemia, bayolojia) kaingia chuo kikuu cha SUZA moja kwa moja, miaka 5 basi. Na goti langu nshasema utalitibu wewe

Asya: Huku sivyo shangazi. Kwanza digrii ya miaka 4, ya chochote hata historia, halafu ndo unaomba skuli ya udaktari, miaka 4 tena

Shangazi Mwanakombo: Miaka 8??? 🙆🏾‍♀️ Na kuolewa je

Ami Salum: Mwanakombo hebu mwache mtoto aseme

Maryam (Minnesota): Asya kemia usiicheleweshe!! Mie nilifanya hivohivo. Kemia ya mwanzo semista 2, bila hiyo huingii oganiki (kemia ya kaboni), oganiki nayo semista 2, ndo uingie bayokemia (kemia ya viumbe hai), na MCAT, ule mtihani wa kuombea skuli ya udaktari, inauliza bayokemia tangu 2015, sasa ukianza mwakani bayokemia unaipata mwaka wa 4 na mtihani unatakiwa uwe ushaufanya mwaka wa 3, maana kuomba tu kunakula mwaka mzima. Mie nlimaliza digrii nikakaa mwaka nafanya kazi nyumba ya wazee zamu ya usiku, oganiki najikumbusha kwa kuchora nyuma ya karatasi za dawa

Ami Salum: Kumbe ule mwaka tuliambiwa unapumzika 😂

Maryam: Kupumzika wapi ami

Asya: Na bayolojia na fizikia?

Maryam: Skuli nyingi zinataka mwaka mmoja mmoja, na maabara yake. Bayolojia weka sasa pamoja na kemia, fizikia mwaka wa 2 au wa 3. Saikolojia isukume mbele, imo kwenye MCAT lkn haizuii kitu. Kiingereza baki nacho, na hesabu usiiache, kemia yenyewe inaidai. Mengine kila skuli na yake, angalia zile unazozitaka

Asya: Ngoja

Asya: Kemia ipo, zimebaki nafasi 2 lkn maabara ni Jumatatu saa 12 jioni mpaka saa 3 usiku, na basi la mwisho saa 3 kasorobo 😩

Ami Salum: Tafuta mwenye gari humo darasani, mchangie mafuta

Asya: Haya nshabonyeza. Kemia, bayolojia, hesabu, Kiingereza

Maryam: Ahsante Mungu

Shangazi Mwanakombo: Kwa hiyo ikisha hiyo miaka 8 ndo daktari kamili?

Maryam: Bado residensi shangazi, mafunzo ya kazi hospitali, kwa uchache miaka 3

Shangazi Mwanakombo: Nassor mwanangu, Jumamosi upo zamu?