Nimenyimwa jezi kwa kujibu "Oryx Douala". Mtangazaji kaniuliza: "Oryx ya gesi?"

Wakuu, naandika kwa simu na hasira zimenijaa hadi kooni, kwa hiyo herufi zikipinda mtanisamehe. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa usajili.

Jana jioni nimekaa kibarazani namenya viazi, redio pembeni, kipindi cha michezo. Redio yenyewe siitaji, wanaoisikiliza watajijua. Wakatoa swali la zawadi: "Klabu ya kwanza kabisa kutwaa ubingwa wa Afrika ni ipi?" Zawadi jezi mpya. Wakuu, nilitupa kisu. Swali hili nimelingoja tangu niko darasa la tano.

Nikapiga. Inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Mara ya kumi na moja ikaita, nikawekewa muziki, salio linaliwa huku nasikia. Mwishowe: "Haya mkuu, uko hewani, jibu?" Nikajibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: Oryx Douala, Kameruni. Kimya kidogo. Halafu jamaa akaniuliza, "Oryx? Oryx ya gesi?", yaani ile kampuni ya mitungi ya kupikia. Mwenzake akadakia, "Mtungi mdogo au mkubwa?" Studio nzima kicheko, simu ikakatwa. Hata "asante kwa kushiriki" sikuambiwa. Baada ya muda kidogo mtu mwingine akajibu Raja Casablanca ya Morocco, wakampigia makofi, hongera sana, jezi yako.

Raja Casablanca!

Najua walikoitoa. Mwaka 1997 mashindano yalibadilishwa jina, hatua ya makundi ikaingizwa, na Raja ndiye aliyelibeba mwaka ule kwa matuta (penalti) mbele ya Goldfields ya Ghana. Sawa. Lakini ukirithi nyumba ya babu, ukaipaka rangi na kuongeza chumba cha uani, utasema wewe ndiye uliyechimba msingi? Na kinachoniua zaidi ni kwamba Raja mwenyewe alishakuwa bingwa wa Afrika mwaka 1989! Kwa hiyo jibu lao linasema Raja ni bingwa wa kwanza kwa kombe ambalo kwake lilikuwa la pili. Hebu mtu anieleze taratibu, pengine mimi ndiye sielewi.

Halafu ni redio hiyohiyo. Al Ahly ya Misri akija Dar wanatuimbia wiki nzima kwamba ana makombe kumi na mawili. Ya 1982 na 1987 mnayahesabu au hamyahesabu? TP Mazembe ya Kongo mnamwita bingwa mara tano, na mawili kati ya hayo ni ya 1967 na 1968. Simba ikiwa na mechi ya kimataifa lazima mtukumbushe nusu fainali ya 1974, jinsi Mehalla ya Misri ilivyotutoa kwa matuta. Nusu fainali ya nini sasa, kama ubingwa ulianza 1997? Ya ndondo?

Kwa wasiojua, na siwalaumu maana hamkufundishwa, ilikuwa hivi. Kombe la klabu bingwa lilianza msimu wa 1964/65. Mabingwa wa nchi wakachujana, wakabaki wanne, hao wanne wakakutana Accra, Ghana, kumalizia hapohapo. Kulikuwa na Stade Malien ya Mali, Oryx Douala, Cotton ya Dire Dawa kule Ethiopia, ambayo ilikuwa timu ya kiwanda cha pamba, na wenyeji Real Republicans.

Hao Real Republicans si timu ya mtaani. Ni timu iliyoundwa serikalini enzi za Rais Nkrumah wa Ghana kwa kuchukua wachezaji bora wawili wawili kutoka kila klabu ya ligi. Fikiria mtu aje Jangwani kwa Yanga achukue wawili, aende Msimbazi kwa Simba achukue wawili, Azam wawili, aunde timu yake halafu aiingize ligi ileile icheze nanyi. Watu walikuwa wanaiita timu ya Osagyefo mwenyewe, ndiyo lakabu ya Nkrumah. Nkrumah alipopinduliwa Februari 1966, na timu ikafa.

Sasa Oryx, timu ya ugenini, ikakutana na timu hiyo ya Rais, katika mji wa Rais, ikaifunga 2-1. Fainali tarehe 7 Februari 1965, Stade Malien nao wakala 2-1. Nahodha wa Oryx nikimtaja mtasema nimelewa: Samuel Mbappé Leppé. Ndiyo, Mbappé. Kylian alikuwa bado miaka thelathini na mitatu azaliwe. Douala kuna uwanja unaitwa kwa jina la mzee huyo. Huyu ndiye nahodha wa kwanza Afrika kunyanyua kombe hili, na jana katika redio ya mji wangu amegeuzwa mtungi.

Oryx yenyewe siku hizi hata ligi kuu ya Kameruni huioni. Labda ndiyo maana. Timu ikishakosa pesa ya kusajili, na historia yake inafutwa kimyakimya.

Na hilo kombe la zamani lilikuwa na vituko ambavyo watangazaji wetu wangevipata wangejaza vipindi mwezi mzima bila kutusomea tetesi za Ulaya. Chukua fainali ya 1967, Asante Kotoko ya Ghana na TP Englebert ya Lubumbashi (Mazembe ya leo, wakati huo ikibeba jina la matairi ya Kibelgiji). Kumasi 1-1, Kinshasa 2-2. Ikapangwa mechi ya tatu. Englebert wakafika. Kotoko hawakutokea! Lawama zikaenda kwa chama chao cha soka kwamba taarifa haikufikishwa kwa klabu. Kombe likabebwa na watu waliokwenda uwanjani kucheza na upepo. Kotoko wakakaa na kinyongo hicho mpaka fainali ya 1970, wakatoka 1-1 kwao, wakaenda Kinshasa wakashinda 2-1. Hiyo ndiyo hadithi! Mtu anayeijua hiyo hawezi kukaa hewani akasema mambo yalianza 1997.

Baba yangu ni Yanga wa kufa. Mpaka leo ukimtajia Kotoko anaweka kikombe chini. Mwaka 1969 Yanga ilifika robo fainali ya kombe hilihili, ikatoka sare na Kotoko nyumbani na ugenini, ikatolewa kwa kura ya shilingi. Jana usiku nilimsimulia yaliyonikuta. Mzee wangu hakucheka. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ile shilingi ilirushwa kwenye mashindano gani?"

Nimewaandikia ujumbe redioni mara nne. Wa kwanza kwa heshima, wa pili na tatu nikapanga miaka yote na matokeo, wa nne sitauweka hapa. Wameusoma, alama za bluu naziona. Kimya.

NYONGEZA: Mkuu wa hapo chini unayesema "jezi tu, tulia", siyo jezi. Ningeshindwa kwa kutojua ningenyamaza. Nimeshindwa kwa kujua, halafu nikachekwa.

NYONGEZA 2: Na wewe unayesema swali lilimaanisha mfumo mpya, nimelisikia kwa masikio yangu: "ya kwanza kabisa". Kabisa! Usinitetee watu waliokula salio langu.

NYONGEZA 3, saa 3 asubuhi: Mshindi nimemjua. Ni dogo wa bodaboda wa kijiwe cha hapa njia panda, ndiye amenipeleka kazini leo. Nimeitambua jezi kabla hajageuka. Nimemuuliza Raja aliijuaje, akasema, "Bro, mimi niliikisia tu, walikuwa wametoka kuitaja kabla ya tangazo." Njia nzima nimekaa nyuma yake natazama namba mgongoni. Lebo ya bei bado inaning'inia kwapani.