Sungura wa pili: nianzeje?

MwanaWete: Assalaam alaykum. Nina sungura jike, mwaka mmoja, tundu lake liko uani, futi 4 kwa 2. Nataka kumtafutia mwenzake. Nikimtia tu humo ndani si watazoeana wenyewe? Na nichukue dume au jike?

Ukoka: Waalaykum salaam. Tunduni mwake usimtie kabisa. Jike ana wivu na mahala pake. Ndiyo maana hata wa kupandisha hupeleka jike kwa dume, si dume kwa jike.

Mgeni akae mbali wiki 2, na wa kwako umhudumie mwanzo. Mchungulie masikio: magamba ya kahawia yaliyorundikana ndani ni utitiri, utahamia kwa mwenzake. Akiwa anaharisha, asisogee.

Kisha weka matundu mawili kando kando, uache vidole vinne kati ya waya na waya, la sivyo watang'atana pua. Kila siku wabadilishane matundu bila kusafisha, kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Wakianza kula na kujinyoosha karibu na waya bila kujali, wakutanishe.

Mahala pa kukutania pawe ambapo hapana hata mmoja aliyewahi kukanyaga. Ukumbini panafaa, ila tandika mkeka, sakafu ya vigae inateleza na sungura anayeteleza huingia hofu. Dakika 10 tu, asubuhi mapema au baada ya alasiri. Joto la Kaskazi likichanganyika na vurugu linaweza kuwaua. Matembele weka mafungu mawili. Boksi la kujificha litoboe pande zote mbili, maana lenye mlango mmoja ndipo mnyonge anapobanwa.

Kupandana msishtuke, wanatafuta nani mkubwa, hata majike hufanya. Lakini akipanda upande wa kichwa mtoe hapo hapo: wa chini humng'ata sehemu za siri. Wakizungukana mbio, mikia juu, masikio yamelala nyuma, vita hivyo. Penyeza ufagio katikati, mkono wako usiutie.

Bandani: Jozi nyepesi ni jike na dume aliyehasiwa, ila baada ya kuhasiwa asubiri wiki 6, mbegu bado zimo. Asiyehasiwa ni balaa: mimba siku 31, na siku hiyo hiyo ya kuzaa anaweza kushika nyingine. Majike wawili wadogo hupatana, lakini wakifika miezi 4 hadi 6 ugomvi huanza.

Neno la muuzaji "huyu jike" usilichukue hivi hivi, wa wiki 6 wengi hukisiwa. Bonyeza taratibu kando ya sehemu za siri: dume hutokeza kijibomba cha duara, jike ni mpasuo. Akifika wiki 12 mtazame tena, korodani zitakuwa zimeshuka.

Na futi 4 kwa wawili haitoshi. Ongeza liwe 6 angalau, na watoke uani kila siku.

MwanaWete: Ahsanteni. Usiku niwatenganishe?

Ukoka: Kwa sasa ndiyo. Mpaka walambane na walale wamegusana, mara kadhaa mfululizo. Hapo lisugue tundu kwa siki, upange vitu upya, uwatie pamoja siku usiyotoka nyumbani. Wakishakaa pamoja usiwatenge tena. Hata mmoja akienda kwa daktari, wachukue wote wawili; akirudi peke yake na harufu ya dawa atapigwa kama mgeni.