Mama anaumwa tumbo, lakini picha imeonyesha ukungu kwenye mapafu: naomba ushauri

Binti wa Ngamiani, Tanga
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Mama yangu, mwenye miaka 63, ameumwa tumbo la juu upande wa kulia kwa siku nne, akiharisha na kukosa hamu ya kula, lakini hajakohoa hata mara moja. Zahanati moja ilimtibu homa ya matumbo bila nafuu, ndipo tukapewa rufaa ya siti-skani ya tumbo. Ini, nyongo na figo ni salama. Ila ripoti inasema kwamba katika vipande vya juu kabisa vya picha, ambapo ncha za chini za mapafu huonekana, kuna ukungu pembezoni, pande zote mbili. Niliinua filamu dirishani nikauona: madoa hafifu ya kijivu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kaka anaamini ni kifua kikuu na anataka mama aanzishiwe dawa, ilhali eksirei ya kifua ya siku ya pili ilisomwa kuwa safi. Tuamini picha ipi?

Msomapicha
Pole sana, dada. Picha zote mbili zinaweza kuwa za kweli, kwa kuwa eksirei hukosa ukungu hafifu, hasa siku za mwanzo, na sehemu ya mapafu iliyo nyuma ya moyo na kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) hujificha. Ukungu wa aina hiyo haufichi mishipa ya damu pichani. Mishipa bado huonekana kupitia ukungu huo. Ukungu ukiwa sehemu za chini za mapafu, pembezoni, pande zote mbili, jambo la kwanza ninalolifikiria ni virusi. UVIKO-19 ulitufundisha hili tangu 2020, kwani baadhi ya wagonjwa walifika wakilalamikia tumbo tu, na mapafu yakagunduliwa kwa bahati katika picha ya tumbo. Pafu la chini limelalia kiwambo, hivyo maumivu yake huweza kusikika tumboni. Hata hivyo, picha haitaji jina la kirusi. Mafua makali huweza kufanana kabisa na UVIKO-19 pichani. Kipimo cha pua na koo ndicho kitakachoamua.

Tabibu wa Muheza
Nakubaliana, lakini nisingempuuza kaka. Kifua kikuu cha mtu mzima kwa kawaida hukaa sehemu za juu na kuacha matundu, ila kwa mwenye kisukari au VVU sura hiyo hubadilika. Apimwe virusi na kifua kikuu pia, na akipata makohozi yapimwe kabla ya kuanza dawa.

Muuguzi Mstaafu, Pangani
Mwanangu, mmempima oksijeni? Mgonjwa wa namna hii huweza kuzungumza vizuri huku oksijeni ikishuka. Mbane kifaa kidoleni akiwa ametulia, kisha baada ya kutembea chumbani. Ikiwa chini ya asilimia 94, msisubiri kesho.

Binti wa Ngamiani, Tanga
Shikamoo mama, na ahsanteni nyote. Jirani ametuazima kifaa: akiwa amekaa ni 93, na baada ya kutembea hadi mlangoni ikawa 89. Kaka ameshaleta bajaji. Tunaondoka na filamu zote mbili.