Moto wa Rehovot (kikundi cha Ukoo wa Pongwe)

Mama: Zuhura, hiyo picha ni ya nini mwanangu? Moto kila mahali! Mko salama?

Zuhura: Shikamoo mama. Salama kabisa, ni sikukuu ya Wayahudi huku Israeli, inaitwa Lag BaOmer. Jua likizama tu wanawasha mioto viwanjani. Moshi umepanda mpaka ngazini kwetu 😂

Idi: Wanachoma nini dada?

Zuhura: Mbao. Watoto wana wiki wanakusanya, milango mibovu, chaga, makasha ya mboga. Jana nimeona watatu wanasukuma kitoroli cha supamaketi kimejaa, mmoja kakaa juu analinda zisiibwe na watoto wa mtaa wa pili. Usiku wanafukia viazi kwenye makaa.

Mjomba Ustadhi: Lag ndiyo nini?

Zuhura: 33 mjomba. Wanahesabu siku 49 toka Pasaka yao mpaka Shavuot, sikukuu yao nyingine, leo ya 33. Herufi zao ni namba pia: L ni 30, G ni 3.

Mjomba Ustadhi: Lamu 30, jimu 3. Si abjadi hiyo, hesabu ya herufi za Kiarabu!

Zuhura: Ndiyo! Nilikukumbuka wewe na ubao wako.

Shangazi: Sasa furaha ya nini?

Zuhura: Wanasema wanafunzi 24,000 wa rabi Akiva, mwalimu wao wa dini wa zamani, walikufa kwa maradhi, siku hii vifo vikakoma. Ndiyo maana kabla yake wengi hawaoi wala hawanyoi. Tena ndiyo siku wanayomkumbuka rabi mwingine, Shimon bar Yochai, aliyejificha pangoni kwa miaka 13 pamoja na mwanawe akiwakimbia Warumi. Kaburi lake liko Meron, kaskazini mwa Israeli, watu wanajaa huko.

Mama: Meron si ndiko walikokanyagana?

Zuhura: Ndiko, 2021. Walikufa 45.

Mama: Usikanyage huko.

Zuhura: Siendi mama. Wanaokwenda wengine wanapeleka watoto wa kiume wakanyolewe mara ya kwanza, wakifika miaka 3.

Shangazi: MITATU?! Sisi siku ya saba akika, kichwa kinang'aa. Na chawa je?

Zuhura: Shangazi 😂😂 Wa jirani hapa nywele mpaka mabegani, mwezi mzima namwita binti mzuri. Mama yake ananiangalia tu.

Idi: 🤣🤣🤣

Mama: Na moshi wote huo, nguo umeanua?

Zuhura: Mwenye nyumba kaniambia tangu asubuhi, funga madirisha, anua nguo.

Mama: Nimekuuliza umeanua?

Zuhura: Uwii. Mashuka yote yako nje.