Mkutano wa AA Mombasa: tunaupata vipi, na kaka aache pombe kabla ya kwenda?

Dada wa Likoni
Assalam alaykum, na hamjambo nyote. Kakangu amekubali mwenyewe kwamba pombe imemshinda, na anataka kwenda AA (Alcoholics Anonymous), vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Orodha ninazoziona mtandaoni hazikubaliani, si siku wala saa. Tena anaona haya, maana anasikia mikutano mingi hufanyika kanisani naye ni Muislamu. Na asubuhi hawezi kushika kikombe mpaka anywe pombe kidogo. Aache kwanza ndipo aende?

Mnasihi
Waalaykum salaam dada. Pakua Meeting Guide, programu ya bure ya AA wenyewe. Ukiiruhusu ijue ulipo, huonyesha mikutano iliyo karibu. Isipoleta kitu usikate tamaa, kwani kikundi ambacho hakijapeleka taarifa zake hakionekani humo. Piga 1192, laini isiyo na malipo ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, au uliza kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya serikali. Mnasihi anayewatuma watu kila wiki hujua kikundi gani bado kinakutana na kipi kimevunjika.

Ukipata namba ya kikundi, piga siku hiyohiyo ya mkutano. Uliza saa, na uulize mlango gani, kwa sababu mara nyingi bango halipo, au ni karatasi yenye herufi mbili tu. Angalia saa vizuri: 7:00 PM kwenye orodha ni saa moja jioni.

Uliza pia kama mkutano ni wa wazi au wa faragha. Wa wazi hata wewe unaweza kuketi. Wa faragha ni wa wenye nia ya kuacha kunywa, na nia hiyo ndiyo sharti pekee la uanachama. Hakuna ada wala fomu.

Kuhusu kanisa, kikundi hutumia ukumbi tu. AA haifungamani na dini yoyote, na Mungu anayetajwa katika zile hatua 12 ambazo wanachama hufuata ili kuacha pombe, kila mtu humfahamu kwa imani yake. Baadhi ya vikundi hufunga kwa sala ya Kikristo. Akinyamaza, hapana ubaya. Bado ana haya? Kuna mikutano ya mtandaoni kwenye aa-intergroup.org. Azime kamera na abadilishe jina linaloonekana, asije akaingia na jina lake kamili. Mikutano inayoendeshwa kutoka Marekani huhama kwa saa moja mwezi Machi na Novemba, kwa hiyo asikariri saa, aangalie upya.

Nesi wa zamu
Hilo la kikombe cha asubuhi limenitia wasiwasi kuliko mengine yote. Dada, ASIACHE GHAFLA akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukiikosa huanza kutetemeka, kutoka jasho na kutapika ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo huja zaidi kati ya siku ya pili na ya nne, na hali hiyo huua. Arosto ya pombe si ya kuvumilia kwa chai ya tangawizi.

Mpeleke kwa daktari kwanza, aseme kweli anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Aeleze kama amewahi kuanguka kifafa. Atapewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Mkutanoni aende hata kabla hajaacha. Aliyekunywa hafukuzwi mradi akae kimya asikilize.

Mwanachama
Nyongeza kwa siku ya kwanza. Mkutano huchukua kama saa moja. Watu hutaja jina moja tu. Zamu ikimfikia anaweza kusema "leo nasikiliza", nayo itampita. Kapu la mchango likipitishwa, mgeni halazimiki kutia kitu.

Wengi hupotea kwa sababu wanatoka mbio mkutano ukiisha. Abaki dakika kumi za chai, aombe namba za simu za wanaume wawili watatu, na ampigie mmoja wao kesho yake kabla hamu haijapanda. Sponsa, yaani wa kumwongoza, atamchagua baadaye, mwanamume mwenzake aliyekaa muda mrefu bila kunywa. Na asihukumu AA kwa kikundi kimoja. Vikundi havifanani, ajaribu kadhaa.

Dada wa Likoni
Mungu awalipe. Swali la mwisho: kuna jirani anauza tembe za kutia kwenye chai, ati akinywa pombe atapike na kuichukia.

Nesi wa zamu
Usithubutu. Kama ni disulfiram, hupewa mgonjwa aliyekubali na aliyekaa angalau saa 12 bila pombe, baada ya kupimwa moyo na ini. Asiyejua ataendelea kunywa. Presha itashuka, moyo utaenda mbio, na anaweza kufa. Athari yake hukaa mwilini hata wiki mbili. Kama umeshampa, mwambie leo, naye daktari aambiwe.

Mnasihi
Na wewe mwenyewe, uliza habari za Al-Anon, ambayo ni ya jamaa za wanywaji. Unaweza kuhudhuria hata kaka akibadili nia.