Udzungwa kwa miguu, watu 8, siku mbili: tupange vipi ili tuwaone ngolaga na mbega wekundu?

Swala_Kihonda

Wakuu habari zenu. Tupo watu 8, tunatoka Morogoro kwenda Hifadhi ya Milima ya Udzungwa mwezi wa nane. Tunafika Ijumaa jioni, tunatembea Jumamosi na Jumapili. Lengo kubwa ni kuwaona ngolaga wa Sanje na mbega wekundu, wanyama wawili wa jamii ya nyani. Maporomoko ya Sanje tunayataka pia, ila yanakuja nafasi ya pili. Kati yetu yupo mama wa miaka 64 ambaye magoti yanamsumbua, na mtoto wa miaka 9. Waliobaki wanatembea bila shida.

Naomba msaada: njia ipi siku ipi, tuanze saa ngapi, mwongozaji mmoja anatosha, tubebe nini, na ni mambo gani huwa yanaharibu matembezi ya msituni? Tuna darubini moja ya 10x25 na kamera yenye lenzi ya 70–300.

Kijito_Mwanihana

Karibu sana dada. Umeuliza vizuri kwa sababu umetaja unachokitafuta. Wengi wanafika geti la Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi, wanasema "tunataka kuona wanyama", wanapelekwa Sanje saa nne asubuhi, wanarudi na picha za maji tu.

Udzungwa haina barabara za gari za kutalii. Ni miguu mwanzo mwisho, na msitu unaanzia chini kabisa, karibu mita 300 kutoka usawa wa bahari, unapanda bila kukatika hadi zaidi ya mita 2,000. Kwenu nyinyi hiyo ni bahati, maana mbega wekundu wanapatikana hadi pembezoni, karibu na makao makuu ya hifadhi. Hakuna haja ya kupanda sana.

Ngolaga ni habari nyingine. Duniani kote wanaishi kwenye misitu miwili tu: Mwanihana, ambao upo ndani ya hifadhi, na Uzungwa Scarp, ambao upo nje yake. Wataalamu hawakumjua hadi 1979, Katherine Homewood na Alan Rodgers waliposikia mlio wasioutambua msituni hapo Sanje. Wenyeji walikuwa wanamjua siku zote na jina wanalo. Anashinda sana chini, anapekua majani makavu kutafuta mbegu na wadudu, na kundi moja linaweza kupita wanyama 50. Kundi hilo linahama kutwa nzima, kwa hiyo kulikuta kwa kubahatisha ni kazi. Lipo kundi lililozoezwa kuona watu, lililoanza kufuatiliwa kwa ajili ya utafiti. Hilo ndilo muombe. Toeni taarifa siku moja kabla, mkifika Ijumaa au kwa simu mapema, ili wafuatiliaji wajue mnakuja na wakumbuke lilipolala.

Mpango ambao ningewapa:

Jumamosi, ngolaga. Muwe getini saa 12:15 asubuhi, malipo yakiwa yamemalizika jana yake. Saa 12:30 mnaanza kutembea. Madume hupiga mlio mkubwa asubuhi, unaosikika mbali, na mwongozaji anautumia kupata uelekeo. Kuanzia saa tano hadi saa nane mchana msitu unanyamaza, wanyama wanapumzika. Aliyechelewa kwa saa mbili amepoteza sehemu nzuri kuliko zote.

Jumapili, Sanje. Kijiji cha Sanje kipo takribani kilomita 9 kaskazini ya Mang'ula, upande mnaotokea mkija kutoka Mikumi. Mzunguko ni kama saa nne kwa mwendo wa kawaida, na mwanzo wake ni mkali. Maji yanashuka mita 170, na ukifika juu unaliona bonde la Kilombero lote na mashamba ya miwa. Mbega wekundu na weusi-kwa-weupe hukutwa njiani, mara nyingi wakiwa kwenye mti mmoja.

Mwongozaji mmoja kwa watu 8, hapana. Chukueni wawili, mgawanyike wanne-wanne, kundi la pili liondoke dakika 20 baada ya la kwanza. Watu 8 kwenye njia nyembamba wanatengeneza mstari wa mita 30. Mwongozaji akisimama na kunyoosha kidole, wa mwisho anafika wakati mnyama ameshaingia kwenye majani. Halafu wa nyuma wakikosa kuona wanaanza kuulizana kwa sauti, na hapo ndipo kundi zima linapokimbia. Ada za mwongozaji mara nyingi zinatozwa kwa kundi, kwa hiyo wa pili hawaongezei gharama sana. Ombeni mchanganuo wa malipo kabla, kwa sababu viwango hubadilika, na hifadhi haipokei fedha taslimu: ni kadi au namba ya kumbukumbu ya malipo.

Jambo dogo lenye faida kubwa: anayetembea polepole awekwe nyuma ya mwongozaji, siyo mwisho. Mwendo unakuwa wake, na hakuna anayebaki.

Darubini_Njema

Nakubaliana na Kijito kwa karibu yote. Naongezea upande wa kuona, kwa sababu watu hupita chini ya mbega 20 bila kujua.

Usitafute mnyama, tafuta tawi linalotikisika wakati hakuna upepo. Pili, angalia chini. Mbega mwekundu anakula majani machanga na vikonyo, na anadondosha mabaki mengi. Ukikuta vipande vya majani mabichi vimetawanyika juu ya majani makavu, okota kimoja ukitazame pale kilipong'atwa. Kikiwa bado na unyevunyevu na rangi ya kijani haijageuka kahawia, wapo juu yako sasa hivi. Kikiwa kimesinyaa ukingoni, walikuwa hapo mapema. Harufu kali ya mkojo chini ya mti mmoja ni dalili nyingine.

Kuwatofautisha: mbega mwekundu ana nywele nyekundu kichwani, uso mweusi, na anakaa juu. Mbega mweusi-kwa-mweupe ana manyoya meupe marefu mabegani. Kima ni mweusi-kijivu, mdogo zaidi kwa umbo, anapita haraka. Ngolaga ana rangi ya kijivu, uso usio na manyoya wenye rangi ya waridi iliyofifia, na tumbo lenye chungwa iliyopauka. Ukimwona mnyama wa kijivu yupo chini anachakura kama kuku, tulia, ndiye huyo.

Darubini ya 10x25 itawaangusha. Namba ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na 25 haiingizi mwanga wa kutosha chini ya miti. Azimeni hata moja ya 8x42. Kipimo cha 8 pia hakitetemeki mikononi kama cha 10. Na msikae na darubini moja watu 8, maana mnyama hasubiri zamu.

Kamera: lenzi yako ikifika 300 inakuwa kwenye f/5.6, na chini ya msitu mwanga ni hafifu mno. Weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 3200 tangu mwanzo, kasi ya kupiga sekunde 1/250 angalau. Picha yenye chengachenga inarekebishika, iliyotikisika haina dawa. Mnyama akiwa juu na anga nyuma yake, ongeza mwanga hatua moja au moja na nusu, la sivyo utapata kivuli cheusi chenye mkia. Zima flashi kabisa. Kosa jingine ni kulala na kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi halafu kuitoa nje saa 12 asubuhi: kioo kinajaa ukungu na unakosa nusu saa ya kwanza. Iache kwenye begi lililofungwa, ulitoe begi nje nusu saa kabla ya kuondoka.

Kuhusu mtoto wa miaka 9: mimi ningempeleka Sanje na nisingempeleka kwa ngolaga. Kwa ngolaga mnaweza kuacha njia na kufuata kundi vichakani saa mbili au tatu kwa kunyamaza. Watoto wengi wanachoka kunyamaza kabla ya kuchoka miguu.

Kijito_Mwanihana

Hapo natofautiana kidogo. Mtoto akipewa kazi, kwa mfano kuhesabu majike wenye vichanga vilivyoning'inia tumboni, ananyamaza kuliko watu wazima. Lakini akiwa na mafua asiende, na hili ni kwa kila mtu. Magonjwa yetu ya njia ya hewa yanawapata hawa wanyama, na kundi lililozoea watu ndilo linalokaribiwa zaidi. Kaeni mita 10 au zaidi, msile mbele yao, na maganda ya ndizi mrudi nayo.

Mkongojo_wa_Mwanzi

Mmeongelea kuona, niongelee kurudi salama.

Viatu. Raba zenye soli iliyolika ndizo zinazoangusha watu, na wanaanguka wakishuka, siyo wakipanda. Asubuhi mizizi na magogo yana umande, na chini yake kuna udongo wa mfinyanzi. Ruka mzizi, usiukanyage. Kanyaga changarawe au majani yaliyolala juu ya ardhi tambarare. Soli iwe na meno ya kina, na kiatu kipya kivaliwe wiki mbili kabla. Kata fimbo moja kila mtu kabla ya kuingia hifadhini, kwa sababu ndani hairuhusiwi kukata mti.

Maji: lita 2 kwa mtu kwa nusu siku, lita 3 siku ya Sanje, na pakiti moja ya ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) kwa kila wawili. Mtu anayeumwa kichwa saa sita mchana mara nyingi amekunywa nusu lita tu tangu asubuhi, kwa sababu kivulini hasikii kiu huku jasho linamwagika na halikauki.

Siafu. Wanavuka njia kwa mstari mweusi, na pembeni yake wametapakaa wengine ambao huwaoni. Suruali iingie ndani ya soksi. Wa mbele akisema "siafu", hakuna kusimama: ruka, endelea mita 15, ndipo ujikague. Watu wanasimama palepale kuangalia, na wanapandwa. Akikung'ata, mvute kiwiliwili, kichwa kikibaki ndicho unakitoa kwa kucha.

Upupu unaota kwenye maeneo ya wazi pembezoni mwa msitu, na kiangazi ndipo maganda yake yanapokuwa makavu na vinyweleo kupeperuka. Ukiguswa usijikune wala usifute kwa mkono, unavisambaza. Bandika selotepu, ivute, rudia, kisha ndipo uoshe. Robo ya roli ya selotepu haina uzito begini.

Tembo wapo, na wanatumia njia hizohizo. Msituni humwoni hadi yupo mita 20. Mwongozaji akikuta kinyesi chenye joto au mti uliovunjwa ukitoa utomvu, atasimama na kupima upepo. Akisema turudi, rudini mlikotoka bila mjadala, kwa mwendo wa kawaida, bila kukimbia. Kwa njia ndefu mnapewa askari mwenye silaha, na hilo halina mjadala pia.

Mito: maji yakibadilika kuwa ya kahawia na kubeba majani mabichi, mvua imenyesha juu hata kama nyinyi mko kwenye jua. Msivuke. Mwezi wa nane ni nadra, ila mlimani mvua haina ratiba. Mkivuka popote, legezeni mikanda ya begi ili mtu akiteleza alivue haraka.

Na malaria. Bonde la Kilombero ni eneo lake. Mikono mirefu kuanzia saa 12 jioni, na muulizeni mwenye nyumba ya wageni kama chandarua kina matundu kabla hamjalipa.

Swala_Kihonda

Ahsanteni sana, nimeandika yote. Maswali mawili yamebaki. Mama yetu afanye nini siku ya Sanje, maana naona mteremko utamshinda? Na barabarani tutoke Morogoro saa ngapi?

Kijito_Mwanihana

Mama asipande Sanje. Kupanda anaweza akimaliza, kushuka ndiko kutakakomuumiza, na njiani hakuna gari la kumfuata. Kuna maporomoko madogo karibu na makao makuu yanayoitwa Prince Bernhard, kwa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyezindua hifadhi 1992. Njia yake ni kama kilomita moja. Akijisikia vizuri kuna njia ya Sonjo, kilomita 2 hivi, saa mbili kwa mwendo wa taratibu. Zote mbili mbega wekundu wanaonekana, kwa hiyo hatakuwa amekosa. Mwongozaji awe wake peke yake, na mtu mmoja wenu abaki naye. Nendeni saa moja asubuhi, siyo mchana.

Siku ya ngolaga aamue baada ya kusikia kundi lilipolala. Likiwa bondeni anaweza, likiwa limepanda mteremko asubiri.

Safari: Morogoro hadi Mikumi mjini ni kama kilomita 120, na kilomita 50 hivi za hapo zinakatiza Hifadhi ya Mikumi. Ndani yake mwendo mwisho 70 mchana na 50 usiku, na faini za kugonga mnyama ni kubwa. Mikumi mjini mnakata kushoto kwenda Kidatu, mnavuka Ruaha Mkuu, mnaendelea hadi Mang'ula. Jumla kama kilomita 60 kutoka Mikumi. Tokeni saa nne asubuhi, muingie saa tisa alasiri ofisi ikiwa bado wazi, ili malipo na taarifa ya ngolaga vikamilike siku hiyohiyo. Mkitoka saa nane mchana mtakuta ofisi imefungwa, na Jumamosi mtaanza kutembea saa tatu asubuhi. Msimu wa miwa malori ni mengi kati ya Kidatu na Mang'ula, wekeni dakika 40 za ziada.

Mkongojo_wa_Mwanzi

Mama avae bandeji ya goti wakati wa kushuka tu, akipanda ailegeze. Na apewe fimbo mbili.